Gari Lililofundishwa Kukohoa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, watu wa soko zima walilala kifudifudi kwa sababu ya mume wangu. Muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, alilala juu ya makayabu yake. Mama mmoja mnene alijaribu kuingia chini ya meza ambayo hata kuku asingeenea. Wala hakuna aliyepiga risasi. Alikuwa ni Kasereka wangu tu, anapita na pikapu yake ya zamani, tak-tak-tak-tak, kiwiko nje ya dirisha, akiwapungia mkono watu waliokuwa wanamwomba Mungu awapokee.

Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, nimejifunika uso kwa kitenge.

Usicheke bado, ngoja nikueleze. Ilikuwa hapa hapa Kisangani, miaka ya vita. Mto ulikuwa umefungwa, meli za Kinshasa hazipandi tena, na kitu kilichoharibika kiliharibika moja kwa moja, kwa maana spea ingetoka wapi? Halafu kulikuwa na askari. Askari wakiona gari zima, walikuwa wanaliazima. Hilo ndilo neno lao, kuazima, na walilisema kwa adabu kabisa. Gari lililoazimwa hukuliona tena, au uliliona mwaka mzima baadaye, limebaki mifupa kando ya barabara.

Basi kila mwenye gari akawa na ujanja wake. Jirani yetu mmoja aling'oa magurudumu akayazika katika shamba la mihogo, halafu akasahau alipoyazika, akachimba mihogo yote kabla haijakomaa. Mwingine aliacha kuku watagie kwenye kiti cha dereva, mpaka kuku wakazoea, wakawa wanamdonoa yeye mwenyewe akikaribia mlango.

Kasereka alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Butembo, na kazi yetu ilikuwa kwenda vijijini kwenye barabara ya Ituri kununua mpunga na makaa na kuvirudisha mjini. Bila pikapu tusingekula. Pikapu yenyewe ilikuwa imezeeka kiasi kwamba mtaa wote uliiita Koko, yaani bibi kwa Kilingala. Sasa yeye hakutaka kuzika wala kufuga. Alifungua kifuniko cha juu cha injini, pale zilipo tapeti, zile nyundo ndogo zinazogonga valvu, akalegeza skrubu zake zote. Akawasha. Ee mama yangu! Koko alianza kulia kama cherehani nne za mafundi wanaogombana.

Kwenye kizuizi cha askari alishuka na uso wa msiba. "Chef, hii gari iko na kifua kikuu," alisema. "Naipeleka tu ikafie kwetu."

Askari walishika matumbo kwa kucheka. "Pita, pita! Isikufie hapa kwa barière yetu!"

Tukapita. Na kesho yake tukapita tena. Kasereka akaanza kuupenda ule ujanja wake, mwanangu, na mwanaume akishaupenda ujanja wake huwezi kumwambia kitu. Watu walipomuuliza habari ya sauti ile, alijibu kwa kutabasamu kwamba kila kelele iliyomo ndani ya injini ile ameiweka yeye kwa mikono yake. Alikuwa anajisifu kwa ugonjwa wa gari kama wengine wanavyojisifu kwa rangi mpya.

Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, na kila safari nilikaa mbele, magoti yamebana, miguu juu ya sakafu ya gari. Ukikaa hivyo wiki baada ya wiki, unalijua gari kwa nyayo. Siku moja tunapandisha kilima baada ya kijito, tumejaza mpunga nyuma, nikahisi kitu kipya. Ile tak-tak ya juu ilikuwepo kama kawaida. Lakini chini yake, kwenye nyayo zangu, kulikuwa na nyingine, nzito, ya polepole kidogo: du, du, du. Tulipofika juu na Kasereka akapunguza mafuta, ikapiga mara mbili za nguvu, halafu ikajificha.

"Kasereka," nikasema, "iko sauti ingine. Chini."

"Bea, ile sauti ni mi mwenyewe nilitia."

"Weye ulitia ya juu. Hii inatoka chini, nasikia na miguu."

"Na miguu!" Alicheka mpaka gari likayumba. "Hiyo ni mimba, chérie. Mimba inafungulaka masikio mpaka mahali haifai."

Mimba! Nikikataa samaki, ni mimba. Nikimwambia mtu fulani anatuibia kwenye mizani, ni mimba. Ilikuwa kweli anatuibia, lakini hilo tuliache. Nilinyamaza, na mimi nikinyamaza ujue kuna mtu atajuta. Kila kilima du-du-du ilizidi. Nilikuwa naogopa kwa dhati, mwanangu. Sikuogopa aibu wala kelele. Niliogopa siku ile injini itakapopasuka porini, na mto umefungwa, na mtoto anakuja, na sisi wawili tumekaa kando ya barabara na gunia la mpunga.

Basi nikavuka mto na pirogi, mtumbwi wa abiria, kwenda Lubunga kumtafuta mjomba wangu, tonton Botamba.

Tonton alikuwa amefanya kazi kwenye garimoshi za kwenda Ubundu tangu ujana wake, na garimoshi zilimlipa kwa kumchukulia masikio. Alikuwa kiziwi kama ukuta. Kwa kuwa yeye hasikii, alidhani na dunia nzima haisikii, kwa hiyo alipiga kelele kila neno, hata akiomba chumvi. Alikuwa pia mlaji mkubwa na mtu wa kujisifu. Akianza hadithi ya garimoshi fulani aliyoiponya kwa kuitazama tu, utaamka na kumkuta bado yuko kituo cha kwanza. Lakini hakuna aliyemshinda kwa injini. Nilimwonyesha kwa mikono: juu, tak-tak, chini, du-du. Akaacha kula. Hiyo peke yake ilinitisha.

Tulifika nyumbani asubuhi. Kasereka alipomwona mjomba wangu anashuka kwenye baiskeli ya toleka, ile teksi yetu ya hapa, na bisibisi ndefu kama mkuki wa kuwindia nguruwe, alielewa, akakasirika, lakini ukwe ni ukwe. Akafungua boneti, akawasha Koko.

Sasa sikiliza kazi ya mzee yule, maana ndiyo itakayokufaa. Alisimamisha bisibisi juu ya injini, ncha ya chuma kwenye kifuniko cha valvu, na mpini akauweka kati ya meno yake. Akauma. Akafumba macho. Sauti ilimpanda kwa meno mpaka ndani ya fuvu, akasikia kwa mifupa kile ambacho masikio yalikataa. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa kwenye ua wetu, wanamtazama mzee anayetafuna gari.

Akatoa bisibisi mdomoni. "HII YA JUU NI YA BULE!" akapiga kelele. "NI WEYE MWENYEWE ULILEGEZA VISI! GARI HAINA KINTU HUKU JUU! ULIIFUNDISHA KUKOHOA!"

Mwanangu, ng'ambo ya barabara, mita chache tu, alikuwa anakaa Komanda wa kile kizuizi. Alikuwa ameiazima ile nyumba.

Nilimrukia tonton nimzibe mdomo kwa mkono. Akanitoa, akadhani namfuta udenda. "NASEMA VISI NI WEYE! MUTU WA AKILI SANA! BON! SASA TUONE CHINI!"

Komanda alikwisha kuvuka barabara, vijana wake nyuma. Alikuja taratibu, mswaki mdomoni, bunduki begani, anatabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi siku isiyo ya kuzaliwa kwake. "Kumbe," akasema. "Kasereka, rafiki yangu. Kila siku unanipita na mugonjwa, kumbe mugonjwa iko anacheza teatre. Kaza hizo visi. Ninaiazima leo."

Kasereka alijisogeza mbele ya Koko, kama mtu anayeweza kulificha gari kwa mgongo.

Na tonton? Tonton alikuwa amempa Komanda mgongo. Hakujua kama kuna mtu. Yeye alikuwa tayari ameinama, ncha ya bisibisi ubavuni mwa injini, chini kabisa, karibu na sinia la mafuta, meno kwenye mpini. Akaashiria kwa mkono: ongeza. Kasereka akaongeza mafuta. Tonton akaanza kuchomoa waya za plagi, moja moja. Akachomoa ya kwanza, injini ikayumba, du-du ikaendelea. Akairudisha. Ya pili, vilevile. Akachomoa ya tatu.

Du-du ikanyamaza.

Ile tak-tak ya uongo ilikuwa bado inaimba juu, lakini chini kulikuwa kimya kabisa, na kila mtu uani alisikia ule ukimya. Tonton akarudisha waya: du, du, du. Akachomoa: kimya. Nilimtazama Kasereka. Uso wake uligeuka rangi ya unga wa muhogo. Alikuwa amesikia, hatimaye, kitu ambacho hakukiweka yeye.

"BIELE YA TATU!" tonton akapiga kelele, yaani ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. "BERINGI YAKE IMEKWISHA! MUTU AKIKIMBIZA GARI HII, BIELE ITATOBOA INJINI ITOKE KWA UBAVU!" Akageuka kutafuta pongezi, akaona bunduki.

Kasereka alimgeukia Komanda, akashika kifua. "Komanda, ni kweli! Ile ingine nilikudanganya, hii ni ya kweli! Gari iko mugonjwa, naapa!"

Oho! Umewahi kumsikia Komanda akicheka? Alicheka mpaka mswaki ukamtoka. "Jana kifua kikuu, leo biele. Kesho utaniambia iko na mimba."

Na hapo ndipo nilipoona shimo tulilosimama ukingoni mwake. Askari wakilichukua Koko, watalikimbiza, maana askari hawajui gia ya polepole. Injini itapasuka mikononi mwao. Na kwa kuwa wameshajua kwamba mwenyewe alikuwa anachezea skrubu, watasema tumeiharibu makusudi. Hapo hatutaulizwa habari za gari tena. Watakuja kumchukua Kasereka. Ukweli tulikuwa nao, umesimama pale uani, unapiga du-du kila mtu anasikia, na mdomo wa mume wangu haukufaa kuusema, kwa sababu tangu mwanzo uliwahi kusema kitu kinachofanana nao.

Kiziwi ndiye aliyetuokoa. Hakusikia kicheko, hakusikia kiapo. Aliona tu mtu asiyeamini, na katika kazi yake mtu asiyeamini alikuwa na dawa moja. Alipangusa mpini wa bisibisi kwenye shati lake, akamnyooshea Komanda.

"UMA!"

Komanda alimtazama mzee, akaitazama bisibisi. Sijui ni udadisi au ni ule ukali wa wazee unaotufanya sote tuwe watoto. Alimpa mmoja wa vijana wake bunduki, akapiga magoti katika mchanga wetu, akauma.

Tonton aliongoza ncha mpaka chini kwenye biele ya tatu, akampa Kasereka ishara. Ongeza! Macho ya Komanda yalitoka, mwanangu, yakatoka kabisa. Kofia ilikuwa inaruka kichwani. Tonton akachomoa waya, macho yakarudi. Akarejesha waya, macho yakatoka tena. Wamama nyuma yangu walikuwa wanang'ata vitenge vyao wasicheke.

Komanda aliinuka, akashika shavu. "Ile inapiga mpaka kwa kichwa," akasema kwa heshima. Akaokota mswaki wake mchangani. "Bon. Tengenezeni. Ikipona nitarudi, na nitauma tena."

Akaenda. Kasereka alikaa chini kwenye mchanga, akabaki hapo.

Injini ilifunguliwa siku hiyohiyo. Beringi ya biele ya tatu ilikuwa imekwisha kama sabuni, na ndani ya mafuta kulikuwa na vumbi la chuma linalong'aa, maana tulikuwa tunayachuja mafuta yaleyale kwa kitambaa na kuyarudisha. Spea hakuna. Tonton aliangalia kila mtu aliyekuwa uani, kutoka kichwani kushuka chini, akasimama kwa Kasereka. Alikuwa anatazama mkanda wake. Mkanda wa ngozi, wa harusi yetu, kutoka Butembo.

"VUA."

Alikata kipande, akakiloweka katika mafuta, akakizungushia pale beringi inapokaa, akafunga. Wenye magari wa siku hizi hawaniamini nikiwaambia, lakini sisi tulitembea na ngozi ndani ya injini, polepole, na kila ilipochakaa tonton alivuka mto kuja kukata kipande kingine, mpaka mkanda ukaisha na Kasereka akazoea kufunga suruali kwa kamba ya gunia. Tonton alikaza na tapeti zote. Koko akawashwa. Hakutoa sauti ila mguno mdogo wa bibi aliyeshiba.

Na mume wangu akaingiwa na hofu upya. Gari zima! Akachukua ufunguo, akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha valvu kulegeza tena.

Tonton alimpiga kwenye vidole kwa bisibisi. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, sijui aliwezaje, alisema kwa sauti ya chini. "Mutoto wangu," akasema, "mi sikatazi kudanganya mutu wa bunduki. Danganya. Lakini uongo yako usiitie ndani ya injini. Ukiitia ndani, siku injini inalia wewe mwenyewe utasema ni uongo yako. Itie inje, mahali unaweza kuitoa na mukono."

Akaomba kopo tupu la maziwa. Akalijaza nati na boliti mbovu, akalifunga kwa waya chini ya gari, kwenye chuma cha fremu. Koko alipowashwa, kelele yake ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza mara mbili. Mbwa wa mtaa walihama.

Komanda alirudi, kama alivyoahidi, na askari wawili aliotaka waone anavyojua. Hakusalimia. "Turnevisi," akasema, mkono umenyooshwa kama daktari. Tonton alikuwa Lubunga. Kasereka alikuwa ameshika suruali. Kwa hiyo ni mimi, na tumbo langu lile, niliyempa bisibisi, na ni mimi niliyeshika ile ncha na kumwongoza. "Hapa, Komanda," nikasema, "hapa ndiyo sauti inakaa," nikaiweka kwenye fremu, juu kidogo ya lile kopo.

Aliuma, Koko akiwaka na kopo likicheza. Sikuwahi kumwona mtu akiteseka vile kwa hiari yake. Alipotoa mpini mdomoni alikaa kwanza, anayumba. Halafu akawageukia askari wake, kidole juu, akatoa hukumu: "Biele zote nne! Zimekwisha! Iyo gari haifiki mwezi."

"Aa, pole," tukasema wote.

"Polepole kwa kilima," akatushauri, kwa huruma ya kweli. Hakutaka tena kuliazima mpaka siku walipohamishwa.

Mwanangu, nilichotaka kukuambia hakimo katika kopo, ingawa najua kopo ndilo utakalolisimulia. Ni kile kilichokuwa kinafanyika nyumbani kila jioni kabla ya chakula. Kasereka aliingia uani, akazima, akalala chini ya gari akalitoa kopo. Akawasha tena. Halafu, mtu yule aliyekuwa ananiambia nasikia kwa mimba, alisimama mlangoni mwa jiko akaita, "Bea, kuya usikie." Nilivua kandambili, nikaweka mguu mtupu ndani ya gari, nikafunga macho. Hakuzima mpaka niseme neno. Nikisema iko sawa, alikula. Nikisema bado, hakula. Mtoto alizaliwa, mto ukafunguliwa, beringi ya kweli ikaja, na bado alikuwa ananiita. Mwaka aliofariki, alikuwa hana hata gari tena. Alinishika mkono wangu akauweka juu ya kifua chake mwenyewe, akaniuliza, "Bea, unasikia nini?" Nikamwambia kweli, na akanishukuru.

Basi wewe uliyenunua gari lako la zamani, na wewe uliyeoa juzi, na wewe unayejifanya mzima mbele za watu, shika haya. Kelele nyepesi ya juu, inayokwenda mbio, mara nyingi itakusubiri. Ile nzito ya chini inayoongezeka ukipanda kilima na mzigo haikusubiri, simama siku hiyohiyo. Chomoa waya moja moja kabla ya kutaja ugonjwa. Dunia ikikulazimisha kuvaa uso usio wako, vaa, lakini uwe wa kuvuliwa jioni, nyumbani, mbele ya mtu mmoja anayekujua. Na mtu huyo akikuambia anasikia kitu, usimcheke. Zima injini, umsikilize.

Mungu akulinde na vilima vyako, mwanangu, akupe safari zenye kurudi, na jikoni mwako asikose mtu utakayemwita aje asikie, naye akuambie kweli.